Nimeahidiwa Kazi ya Uuguzi Ujerumani: Je, Tuuze Kiwanja Tumlipe Wakala?

BARUA

Mshauri wetu, shikamoo.

Mimi ni mwanamke wa miaka 31, nimeolewa, tuna mtoto mmoja wa miaka sita na tunaishi Tanga. Nina stashahada ya uuguzi na ukunga niliyoisomea miaka mitatu, nimesajiliwa na Baraza la Uuguzi na Ukunga, leseni yangu iko hai, na kwa miaka kadhaa sasa ninafanya kazi katika hospitali moja binafsi, nikianzia wodi ya wazazi na sasa wodi ya upasuaji. Mume wangu ni fundi umeme. Maisha yanakwenda, lakini mshahara wangu unaishia kwenye ada, chakula na matibabu ya mama mkwe, na kwa muda mrefu nimekuwa nikiwaza kwenda kufanya kazi nje.

Miezi miwili iliyopita nilikutana na wakala anayesema kwamba anapeleka wauguzi Ujerumani. Anataka shilingi milioni tisa, tano zilipwe kabla ya kuanza chochote. Ameshapokea laki tatu za fomu pamoja na nakala za vyeti vyangu, na sasa anadai nimpe vyeti halisi akavihakiki mwenyewe. Anasema vyeti vya Tanzania havitambuliki Ujerumani, hivyo nitaanza upya mafunzo ya miaka mitatu yanayoitwa Ausbildung, na kwamba Kijerumani nitajifunza kwake kwa miezi mitatu. Visa ikichelewa, anasema, nitaingia kwa visa ya matembezi kisha nitaibadilisha nikiwa hukohuko. Nilipomwuliza uhakika uko wapi, alinijibu kwamba Ujerumani na Afrika Mashariki zimeshatia saini makubaliano ya kupeleka wafanyakazi, na kweli binamu yangu wa Mombasa ameniambia kwamba makubaliano yapo.

Shemeji yangu anatushauri tuuze kiwanja chetu cha Pongwe, maana pesa itarudi ndani ya mwaka mmoja. Mume wangu ananiunga mkono lakini anasitasita kuhusu kiwanja, na mimi usingizi umenipungua. Naomba unisaidie: je, tumlipe mtu huyu? Ni kweli kwamba lazima nianze upya kama mwanafunzi? Nikifika huko nitaanzia wapi, na maisha yenyewe yakoje kwa mtu anayevaa hijabu kama mimi? Na mtoto wetu nimwache kwa mama yangu kwa muda gani?

Mama Nasra, Tanga (jina halisi limehifadhiwa)

JIBU

Marahaba, mwanangu. Kiwanja kisiuzwe, na vyeti vyako halisi visitoke mikononi mwako. Nimefanya kazi ya uuguzi Ujerumani kwa miaka mingi, na wala sikukatazi kwenda. Nakutakia uende, ila uende ukiwa muuguzi kama ulivyo, na pesa ya familia yako itumike mahali ambapo itakufaa kweli.

Nianze na huyo wakala, kwa kuwa ndiye mwenye haraka. Shirika la Afya Duniani lina orodha ya nchi ambazo upungufu wao wa wahudumu wa afya ni mkubwa kiasi kwamba zinahitaji kulindwa. Orodha ya mwaka 2023 ina nchi 55, na Tanzania imo, pamoja na Uganda, Rwanda, Burundi na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Kwa nchi za namna hiyo, kanuni za ajira za Ujerumani zinaelekeza kwamba kuwasaka watu na kuwaunganisha na kazi za afya na uuguzi kufanywe na idara ya ajira ya serikali ya Ujerumani peke yake, ile inayoitwa Bundesagentur für Arbeit. Wakala binafsi hana ruhusa hiyo. Wewe binafsi hukatazwi kuandika maombi yako na kuyatuma kwa hospitali au kituo cha kutunza wazee. Anayekatazwa ni yule anayekaa katikati na kukutoza. Kwa hiyo mtu anayekuomba milioni tisa ili akuuzie nafasi ya uuguzi anakuuzia huduma ambayo sheria ya nchi unayokwenda haimruhusu kuifanya, na mambo yakiharibika hutakuwa na mahali pa kumshitakia huko.

Makubaliano anayoyataja yapo, lakini si ya kwenu. Ni Kenya na Ujerumani zilizotiliana saini mjini Berlin tarehe 13 Septemba 2024, Rais Ruto na Kansela Scholz wakiwapo, ndiyo maana binamu yako wa Mombasa ameyasikia. Hata kwa Wakenya wenyewe, hayakuja na idadi ya nafasi zilizotengwa. Zilipoenea habari kwamba kuna nafasi laki mbili na nusu, serikali ya Ujerumani ilizikanusha. Mtanzania hapati haki yoyote kutokana na karatasi hiyo.

Hilo la visa ya matembezi ndilo lililonitia hofu kuliko yote. Visa hiyo ni ya siku zisizozidi 90, hairuhusu kazi, na kwa kawaida haibadilishwi kuwa kibali cha kazi ukiwa ndani ya nchi. Ukikaa baada ya siku hizo kwisha, unakuwa mtu asiye na kibali, huwezi kuajiriwa kihalali, na unaweza kurudishwa na kufungiwa mlango kwa miaka. Anayekwenda kufanya kazi au mafunzo huomba visa ya kitaifa kupitia Ubalozi wa Ujerumani, Dar es Salaam, akiwa na mkataba mkononi, na ada ya visa hiyo ni euro 75. Mwajiri makini akikutaka kwa dhati, ana hata utaratibu wa haraka anaoweza kuuanzisha katika ofisi ya wageni ya eneo lake huko Ujerumani, kwa ada ya serikali ya euro 411, na waajiri wengi hulipia wenyewe. Linganisha ada hizo na milioni tisa.

Mwandikie wakala ujumbe mfupi wa heshima kwamba umeahirisha, umwombe nakala zako na laki tatu zako, na utunze risiti pamoja na mazungumzo yote ya simu. Mwulize pia leseni yake ya uwakala wa ajira kutoka wizara inayoshughulikia kazi. Asiporudisha, ripoti polisi hata kama kiasi unakiona kidogo, kwa sababu huenda kuna wengine waliokwisha kutoa milioni tano.

Sasa nije kwenye uongo uliokukosesha usingizi, kwamba vyeti vya Tanzania havitambuliki. Hakuna cheti cha uuguzi cha nje ya Ulaya kinachotambuliwa papo hapo, lakini kila muuguzi aliyesomea fani yake kihalali ana haki ya kuomba mafunzo yake yalinganishwe na ya Ujerumani. Kila jimbo lina mamlaka yake ya kufanya ulinganisho huo, na unaomba katika jimbo ambalo unakusudia kufanya kazi. Kwa walio nje ya nchi, kuna kituo cha serikali cha ushauri kinachoitwa ZSBA, kinachotoa maelekezo bila malipo, kwa Kiingereza pia, kuhusu mamlaka ipi inakuhusu na karatasi zipi zinatakiwa. Anza hapo kabla ya kutoa hata shilingi moja.

Mamlaka haitazami jina la cheti tu, inahesabu saa. Mafunzo ya uuguzi ya Ujerumani yana saa 2,100 za darasani na saa 2,500 za vitendo, na afisa ataweka mafunzo yako kando ya hayo, somo kwa somo na wodi kwa wodi. Hivyo nenda chuoni kwako ukaombe barua inayoonyesha saa ulizosoma kila somo na saa ulizokaa katika kila wodi: watoto, upasuaji, magonjwa ya ndani, afya ya akili, jamii. Ukiwa bado una daftari lako la mafunzo ya vitendo, lile lililosainiwa na wasimamizi wa wodi, usilitupe, maana linaweza kukuokoa miezi mingi. Mwajiri wako naye akuandikie barua inayotaja wodi ulizofanyia kazi na muda wake, na Baraza likupe uthibitisho wa usajili wako. Uzoefu wa kazi huhesabiwa kuziba mapengo ya mafunzo, na miaka yako ya wodi ya wazazi na ya upasuaji ina uzito wake.

Kabla ya yote hayo, keti jioni moja na mumeo mpange mezani cheti cha kuzaliwa, vyeti vya kidato cha nne, cheti cha chuo, leseni, cheti cha ndoa, kitambulisho cha NIDA na pasipoti, kisha msome majina herufi kwa herufi. Kwetu Mohamed na Mohammed ni mtu mmoja, na jina la babu likiachwa katika cheti kimoja hakuna anayeshangaa. Afisa wa Kijerumani akiona herufi moja imezidi, kwake hao ni watu wawili, na faili litasimama mpaka umletee maelezo. Mambo hayo yarekebishwe RITA, au kwa kiapo cha kisheria, wakati bado uko nyumbani na ofisi ziko karibu nawe. Kuyarekebisha kutoka ughaibuni huchosha na hugharimu mara kadhaa zaidi. Tafsiri za Kijerumani zifanywe na mtafsiri aliyeapishwa, na usizilipie kabla mamlaka haijakwambia inataka zipi.

Baada ya ulinganisho utapewa barua inayoeleza kilichopungua katika mafunzo yako. Usiichukulie kama kukataliwa. Karibu kila muuguzi anayetoka nje ya Ulaya huipata, na mara nyingi upungufu huwa kwenye utunzaji wa wazee, kwa kuwa vyuo vyetu haviufundishi kwa mapana kama wao. Barua hiyo ndiyo inayokufungulia kibali cha kwenda Ujerumani kuziba pengo, ama kwa kipindi cha mafunzo ya ziada kazini, ama kwa mtihani wa maarifa wenye sehemu ya mazungumzo na sehemu ya kuhudumia wagonjwa wodini. Katika muda huo unafanya kazi kama msaidizi wa muuguzi na unalipwa. Katika vituo vya kutunza wazee, kuanzia Julai 2025 kima cha chini cha msaidizi kiliwekwa kuwa euro 16.10 kwa saa, na cha muuguzi aliyetambuliwa euro 20.50. Anayefanya saa 39 kwa wiki kama msaidizi hupata takriban euro 2,700 kwa mwezi kabla ya makato, na makato ya kodi, pensheni na bima huondoa karibu theluthi. Jua pia kwamba mumeo akiwa bado Tanzania, utakatwa kodi kwa daraja la mtu asiye na mwenza.

Ausbildung si jambo baya. Kwa kijana aliyemaliza shule bila fani, ni njia nzuri sana: katika uuguzi hakuna ada ya shule, mwanafunzi katika hospitali za umma hulipwa zaidi ya euro 1,300 kwa mwezi tangu mwaka wa kwanza, na sheria inabatilisha mkataba unaomtoza ada au faini. Lakini wewe fani unayo. Kukuweka darasani miaka mitatu, kwa nusu ya mshahara wa msaidizi, ujifunze upya kupima mapigo ya moyo, ni kukupotezea miaka ambayo mtoto wako anakua bila wewe. Ningekubali uifikirie ikiwa tu mamlaka itaona pengo lako ni kubwa mno, jambo ambalo kwa stashahada ya miaka mitatu na leseni hai silitarajii.

Pesa yako iende kwenye lugha. Hapo ndipo sitaki ujidanganye hata kidogo. Ili utambuliwe kama muuguzi, kwa kawaida unatakiwa kufika ngazi ya B2 ya Kijerumani (ngazi za lugha huanzia A1, ya chini kabisa, hadi C2), na Taasisi ya Goethe, inayofundisha na kutahini Kijerumani, yenyewe inakadiria kwamba mtu anayeanza sifuri huhitaji vipindi 600 hadi 800 vya dakika 45 kufika hapo. Miezi mitatu haitoshi. Kwa mtu mwenye zamu za usiku na mtoto mdogo, panga mwaka mmoja na nusu, ukianza kwa kozi ya mtandaoni hukohuko Tanga na kwenda Dar es Salaam kwa ajili ya mitihani. Mitihani ya B1 na B2 ya Goethe imegawanywa katika sehemu nne, kusoma, kusikiliza, kuandika na kuzungumza, na ukifeli sehemu moja unaweza kuirudia hiyo peke yake.

Sababu ya kusisitiza hivyo utaiona siku ya kwanza ya makabidhiano ya zamu. Muuguzi wa usiku amechoka, anataka kwenda nyumbani, anasoma wagonjwa kumi na tano kwa kasi na kwa vifupisho, na nusu ya wazee walioko vitandani wanazungumza lahaja ya kijijini kwao, si Kijerumani cha darasani. Simu ikilia, aliyeko upande wa pili haoni uso wako wala hajui kwamba wewe ni mgeni. Mgonjwa akikwambia kifua kinamkaza, lazima umwelewe mara moja. Nimewaona wauguzi hodari kutoka nchi nyingi wakidhaniwa hawajui kazi, kumbe walichokosa ni maneno tu, na jambo hilo huvunja moyo kuliko baridi. Zoea mapema kusema kwamba hukuelewa na kuomba urudiwe. Huko halichukuliwi kuwa utovu wa adabu, na anayeitikia asichokielewa ndiye anayeogopwa wodini.

Kazi yenyewe nayo itakushangaza kwa upande usioutarajia. Kwetu mgonjwa huja na ndugu zake; dada yake humwogesha, mama yake humlisha uji, na muuguzi hushughulika na dawa, vidonda na kumbukumbu. Ujerumani kuogesha, kulisha, kubadilisha nepi na kumgeuza mgonjwa kitandani ni kiini cha kazi ya muuguzi, mwenye cheti na asiye nacho. Kwa upande mwingine, mambo ambayo wewe unayafanya kila siku bila kumwita mtu, kama vile kuweka dripu, katika hospitali nyingi huachiwa daktari. Wauguzi wengi wa kigeni huona kwamba wameshushwa hadhi, wakaanza kufanya kazi kwa kinyongo. Ukienda ukilijua hilo, utalibeba vizuri zaidi, na utagundua kwamba kumwogesha mzee kwa heshima, ukimfunika sehemu ambazo hujafika, kunahitaji ujuzi.

Kuhusu hijabu, liulize katika usaili, usisubiri siku ya kwanza kazini. Hospitali nyingi zina wauguzi wanaovaa na hutoa kitambaa cha sare, lakini hospitali na vituo vingi vinamilikiwa na mashirika ya makanisa, na baadhi huweka masharti yake. Misikiti ipo katika miji yote mikubwa, na zamu za Ramadhani hupangwa kwa kuomba mapema.

Katika mkataba, mwombe mwajiri akuonyeshe kwa maandishi nani analipia tiketi, tafsiri na mtihani, na itakuwaje ukiondoka mapema. Kipengele kinachokutaka urudishe maelfu ya euro ukiacha kazi usikisaini kabla ya kukipeleka kwa mtu anayeijua sheria. Muulize pia kama atakupatia chumba cha kuanzia. Nyumba ni ngumu mno mijini, na chumba kimoja katika nyumba ya kushirikiana hufika euro 500 au zaidi katika miji mingi mikubwa. Chumba cha watumishi hata kikiwa kidogo kitakupa muda wa kutafuta. Kodi inayotangazwa mara nyingi ni ya chumba kitupu, bila joto wala maji, kwa hiyo uliza jumla yake. Dhamana haizidi kodi tupu ya miezi mitatu, na sheria inakuruhusu kuilipa kwa awamu tatu. Usitume dhamana kwa mtu ambaye hujaiona nyumba yake. Matapeli wa nyumba huko wapo wengi kama mawakala huku.

Siku utakayohamia, andika jina lako la ukoo kama lilivyo kwenye pasipoti na ulibandike kwenye kisanduku cha barua mlangoni. Naliweka mbele ya mambo mengine kwa sababu Ujerumani huendeshwa kwa barua za posta, na mtarishi asipoona jina lako atairudisha barua ilikotoka. Ndani ya wiki mbili za kuhamia, unatakiwa kujiandikisha katika ofisi ya manispaa, ukiwa na fomu iliyosainiwa na mwenye nyumba. Usajili huo huitwa Anmeldung, na bila huo mambo mengi hukwama. Ukishajiandikisha, namba yako ya kodi hutumwa kwa posta baada ya wiki kadhaa, mwajiri anaihitaji ili asikukate kodi ya juu kabisa, na unaweza kukamilisha benki, bima ya afya na kibali cha ukaazi katika ofisi ya wageni. Miadi ya ofisi hiyo huchukua muda, hivyo iombe wiki ya kwanza, wala usingoje visa ikaribie kwisha. Itakuja pia barua ya ada ya redio na televisheni, euro 18.36 kwa mwezi kwa kila nyumba, hata kama huna televisheni. Wageni wengi huitupa wakidhani ni tangazo, kisha deni linakua. Nunua faili, toboa na uhifadhi kila barua, pamoja na bahasha yake.

Baridi nitaigusa tu: nguo nzito nunua hukohuko, maana zinazouzwa kwetu hazitoshi. Jiandae zaidi kwa giza la Desemba, wakati ambapo urefu wa mchana wa Berlin haufiki hata muda wa saa nane. Tafuta Waswahili wenzako kabla ya majira hayo, kwa sababu upweke huanza taratibu na mtu huuona umeshamkaa.

Pesa ya kutuma nyumbani muikubaliane wewe na mumeo sasa, kabla ukoo haujaanza kuhesabu euro kwa shilingi. Katika miezi sita ya kwanza usiahidi chochote zaidi ya matumizi ya mtoto na matibabu ya mama mkwe, na shemeji aelezwe hivyo na mumeo mwenyewe. Unachotuma kwa mumeo au kwa mama mkwe kitume kupitia benki kwenda akaunti ya anayepokea na utunze uthibitisho. Utegemezi wa namna hiyo unaweza kupunguziwa kodi, na tangu mwaka 2025 fedha taslimu zilizobebwa na msafiri kwa kawaida hazikubaliwi.

Mtoto nimemweka mwisho kwa sababu jibu lake linategemea yote yaliyotangulia. Ukiwa msaidizi, itakuwa vigumu kuonyesha kwamba kipato chako kinatosha watu watatu, kwa hiyo panga kwamba atabaki na baba yake na bibi yake mpaka utambuliwe. Ukienda kwa njia ya kutambuliwa, muda huo unaweza kuwa mwaka mmoja hadi miwili. Kwa njia ya wakala ungekuwa zaidi ya mitatu. Ukishatambuliwa, unaweza kumwombea yeye na baba yake visa ya kuungana na familia. Shule za umma hazina ada, na mtoto anayeishi huko hulipiwa posho ya zaidi ya euro 250 kwa mwezi. Ahadi ya tarehe usimpe mtoto wa miaka sita, kwa sababu ofisi zitaichelewesha na yeye atakuwa ameihesabu. Mumeo naye kwa kawaida atadaiwa cheti cha A1 ili akufuate, na ufundi wa umeme una soko huko, kwa hiyo mjiandikishe kozi pamoja mwezi huu.